Koti Lililorudishwa Bure

Asubuhi ile Leticia alishindwa kutulia. Alikaa kwenye kigoda akainuka, akashika ungo akauweka chini, akatoka nje kisha akasahau kilichomtoa. Mumewe Evodi, katekista wa kigango cha Kasokola, alimvumilia kwa muda mrefu kabla ya kufungua kinywa.

"Mama Josephina, nyumba hii imeingiliwa na siafu?"

"Afadhali wangekuwa siafu. Siafu unawamwagia majivu, wanaisha."

Wote wawili walijua kinachomsumbua. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti la kijivu lililochakaa viwikoni. Lilikuwa koti la mzee Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, ambaye kaburi lake lilikuwa bado halijaota hata jani.

Leticia ni Mfipa. Alizaliwa kusini, upande wa Laela, akaletwa Kasokola akiwa bibi harusi, na sasa ana wajukuu. Kazi yake ni kupepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa. Watu wanashusha mpunga, mashine inatoa mchele uliochanganyika na pumba, na yeye anaupepeta na kuutenga na chenga. Lakini Kasokola nzima haikumjua kwa ungo. Ilimjua kwa mdomo. Wafipa na Wasukuma ni watani, na katika misiba ya Wasukuma wa pale hakukuwa na mtani kama Leticia.

Mtani anayeijua kazi yake huvaa nguo ya marehemu msibani. Huiga mwendo wake na kikohozi chake, humkaripia kwa kuondoka bila kuaga, hujilaza mbele ya jeneza na kukataa lipite. Wafiwa hucheka machozi yakiwatoka, na moyo uliokuwa umekakamaa hulegea. Mwisho mtani huondoka na ile nguo. Baadaye watu wa nyumba ile huja kuikomboa, kwa kuku au kwa debe la mpunga, huku wakitukanana hadi kwenye kizingiti. Haijapata kuonekana mtani akirudisha nguo bila kudai kitu. Kurudisha bure ni kusema kwamba utani na nyumba ile umekwisha.

Siku ya kumzika Manyanda, Leticia alivaa koti, akabana fimbo kwapani kama alivyozoea marehemu, akakohoa kikohozi chake cha tumbaku. Watu walianza kucheka kabla hajasema neno.

"Mnanililia nini nyie?" akasema kwa sauti ya Manyanda. "Mnalia kwa jicho moja, la pili linahesabu ng'ombe wangu! Na yule dume wa mabaka mliyesema kaibwa, nilimuuza mwenyewe mnadani! Maiko mmemtenga bure, na mimi nawacheka mpaka huko ninakokwenda!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Selestine, mtoto wa kwanza wa marehemu, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mmoja tu hakucheka. Lucia, mke wa Maiko, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwa sababu watu wa nyumba iliyotengwa hawakanyagi msibani. Alisikia kila neno.

Kutengwa kwenyewe kulikuwa hivi. Maiko alikuwa mchungaji wa Manyanda. Dume lilipopotea mikononi mwake, Manyanda alisema Maiko kaliuza. Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha kikao, Maiko akakana, mikono ikanyooshwa, akatengwa. Hakuna kumsalimia wala kumpa kibarua. Mashine isimkobolee mpunga. Akifiwa, azike mwenyewe. Na yeyote atakayevunja agizo, naye atatengwa. Maiko akawa anakwenda Kabungu kulima mashamba ya watu wasiomjua, anarudi nyumbani kwa vipindi. Lucia akabaki akitwanga mpunga kwenye kinu. Mashine iliponyamaza, Leticia alikuwa akiusikia ule mchi kutoka ng'ambo ya vichaka, puu, puu, puu, na alikuwa ameuzoea.

Siku ya tatu baada ya maziko, Lucia alikuja kwa Leticia akipitia njia ya nyuma, ya shambani. Hakukubali kuingia.

"Nitasimama hapa hapa, mama, nisije nikakuletea balaa. Nina swali moja tu. Ulichosema kuhusu dume ni kweli, au ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa nimevaa koti, mwanangu."

"Koti nililiona. Sijauliza koti."

Leticia aliinama akaokota punje ya mchele ambayo haikuhitaji kuokotwa. "Nipe siku mbili tatu," akasema.

Lucia alimtazama. "Swali la ndiyo au hapana linahitaji siku?" Akageuka, akapita katikati ya mabua ya mahindi, akaenda zake.

Tangu hapo ndipo kukaa kukamshinda.

Kwa sababu jibu alikuwa nalo. Wakati wa masika ya mwaka uliopita Manyanda alikuja mashineni na magunia yake, na kama kawaida alianza kelele akiwa bado mbali.

"Mtumwa wangu, bado upo? Nilidhani ile radi mnayotumiana Ufipa imekosea njia ikakupiga wewe!"

"Radi yetu inachagua. Haimpigi mtu aliyelaza ng'ombe kitandani, mwenyewe akalala zizini!"

Walicheka, na wapagazi wakacheka. Kisha Manyanda akakaa juu ya gunia, akavua kofia, akasema polepole, "Mtani, yule dume wa mabaka nilimuuza mimi. Maiko anateseka bure."

Leticia alijibu haraka kama alivyozoea. "Basi nakushitaki kwa sungusungu wakutenge na wewe, upate nafasi ya kulala vizuri na ng'ombe wako!"

Manyanda alicheka kidogo, ila hakurudisha tusi. Katika miaka yote ya kutaniana, ile ilikuwa mara ya kwanza mzee yule kupigwa tusi na kuondoka bila kulipiza. Alibeba mchele wake, akaenda. Na Leticia alijua kwamba haukuwa mzaha. Kosa lake liko hapo, na halifai kufunikwa: mtu alimfungulia mlango wa neno zito, naye akaufunga kwa mzaha kwa sababu mzaha ulikuwa mwepesi zaidi. Masika yakaisha, mpunga ukavunwa, mchi wa Lucia ukaendelea kulia, na yeye akaendelea kupepeta.

Msibani ulimi ulimponyoka. Au hakuponyokwa. Hilo nalo lilimsumbua. Labda alingoja avae koti la mtu mwingine ndipo aseme, ili ukweli utoke na yeye asidaiwe.

Evodi ni mtu mpole na anapenda sana hoja. Alivuta kigoda karibu na mafiga.

"Hebu tulitazame taratibu. Uongo ni nini? Ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Sasa wewe ukimwambia Lucia kwamba ule ulikuwa utani, je, haukuwa utani?"

"Ulikuwa utani."

"Basi utakuwa umesema kweli. Dhambi iko wapi?"

"Atarudi nyumbani akiamini kwamba mumewe ndiye aliyeuza dume."

"Hilo ataliamini mwenyewe."

"Baba Josephina, nikichimba shimo njiani nikalifunika majani, mtu akatumbukia, nitasema alijitembelea mwenyewe?"

Evodi alijikuna shingoni. "Hiyo ya shimo umeitoa wapi?"

"Kwenye mafundisho yako ya kipaimara."

Alicheka, lakini hakukata tamaa. "Haya, tazama upande mwingine. Ijumaa Kuu tunaposoma Mateso, kanisa zima linapaza sauti, 'Msulubishe!' Hata mimi. Nani amewahi kwenda kuungama kwa ajili hiyo? Maneno si yetu. Na wewe pale yalikuwa maneno ya Manyanda. Ulimkopesha mdomo tu."

"Nyie mnasoma mlichoandikiwa. Mimi hakuna aliyeniandikia. Kikohozi kilikuwa cha Manyanda, fimbo ilikuwa ya Manyanda. Ile ya dume niliitia mwenyewe, na niliitia kwa kuwa naijua."

"Unajua aliuza, au unajua alisema aliuza?"

Swali hilo lilimsimamisha. Lilikuwa la haki. Hakuwepo mnadani, na hakuona mkono wa mnunuzi. Alichokuwa nacho ni maneno ya mzee aliyekaa juu ya gunia, na ukimya uliofuata. Inawezekana Manyanda alitania kweli. Inawezekana siku ile aliumwa jino tu, ndiyo maana hakulipiza. Leticia alilizungusha swali hilo siku nzima kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, na kila mara alirudi palepale: alijua alichokisikia.

Alikwenda kwa Fabiani, kiongozi wa sungusungu, mzee mrefu aliyeheshimika kwa kutopokea kitu cha mtu. Alimkuta ameipindua baiskeli, anatia mnyororo.

"Karibu, mtumwa wangu. Umekuja kuiba spoku?"

"Leo sina tusi, mzee Fabiani. Nimekuja kwa ajili ya Maiko." Akamweleza yote.

Fabiani aliacha mnyororo, akafuta mikono kwa jani. Akasema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwa amefikiri.

"Unajua kwa nini tunawaacha mtutukane msibani? Siku ile hata mwenye ng'ombe elfu anaambiwa uchoyo wake, na hakuna anayeshitakiwa. Mtani anasema, watu wanasikia, mwenye akili anajirekebisha. Sasa ukichukua neno la utani ukalileta kikaoni liwe ushahidi, kesho mtani gani atafungua mdomo? Utamwokoa Maiko mmoja, utafunga midomo ya wote watakaokuja."

"Kwa hiyo ukweli una ruhusa ya kusemwa pale tu ambapo haumsaidii mtu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo, mzee wangu, ila umelivalisha neno shati."

Fabiani alitaka kucheka akajizuia. "Na marehemu? Hawezi kusimama kujitetea."

"Maiko alisimama akajitetea. Mlimsikiliza?"

"Ulikuwa uamuzi wa wote. Mikono ilinyooshwa."

"Na wangu ulikuwemo. Mikono yote ile ilimwona Maiko akiuza dume? Tulikuwa wengi, mzee Fabiani. Hatukuwa na kitu kingine zaidi ya wingi."

Fabiani aliigeuza baiskeli ikasimama kwa magurudumu yake. "Jumamosi kuna mkutano. Sitaliweka kwenye ajenda. Lakini kwenye mengineyo, kila mtu ana haki ya kusema. Fikiri vizuri. Watu hawatakuchukia kwa kusema uongo. Watakuchukia kwa kuharibu kitu chao."

Jumamosi watu walikusanyika kwenye uwanja nyuma ya ghala, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye khanga zao chini. Walizungumzia ndama walioingia kwenye majaruba ya mpunga, na zamu za ulinzi. Leticia alisikia nusu nusu. Kapu lake lilikuwa magotini. Ng'ambo ya vichaka mchi ulikuwa unatwanga.

"Mengineyo," Fabiani akasema, bila kumtazama mtu.

Leticia alisimama. Watu wakaanza kutabasamu papo hapo.

"Mfipa kaamka!" akaita mmoja. "Fungeni milango, radi inakuja!"

"Nina neno kuhusu Maiko," Leticia akasema. "Siku ya msiba nilisema marehemu Manyanda alimuuza dume mwenyewe. Halikuwa neno la utani. Aliniambia kwa kinywa chake."

Kicheko kilipita uwanjani kama upepo kwenye mpunga.

"Alikuambia kabla ya kuzikwa au baada?"

"Jamani, nasema kweli."

"Haya! Leo anaigiza padri!"

"Sicheki. Nitazameni, sicheki."

"Ndiyo maana sisi tunacheka!" akalia mama mmoja, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Naapa mbele ya Mungu..."

"Mleteeni Biblia! Hapana, mleteeni ungo, aapie ungo!"

Walipinda mbavu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamempenda kwa miaka mingi kwa sababu ya mdomo ule, na sasa mdomo ule ulikuwa hauwezi kutoa neno lolote ambalo hawajawahi kulicheka. "Kweli" alikwisha kuitumia kwenye mizaha. "Naapa" aliitumia kila msiba. Hata machozi alikwisha kuyaigiza, na kwa ustadi. Leticia alisimama katikati ya kicheko kile akaona kwamba angeweza kupaza sauti mpaka jua lizame, na wao wangerudi makwao wakisema leo Mfipa ameiweza kazi yake.

Akainama, akatoa koti kapuni.

Shangwe zikapanda. Watu walidhani atalivaa. Selestine, aliyekaa mbele, akapiga makofi kwa furaha.

"Mnaona! Anataka kukombolewa! Kuku hupati, mtumwa wangu, kuku wetu wote wana mafua!"

Leticia alilikunja koti taratibu, mkono wa kushoto juu ya mkono wa kulia, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto wake. Akatembea hadi kwa Selestine. Akapiga goti, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Pokea koti la baba yako, mwanangu. Sidai kitu."

Selestine alikuwa bado anacheka. "Unataka mbuzi, sema tu!"

"Sidai kitu."

Kijana alisubiri sehemu iliyobaki, lile tusi linalofuata daima. Halikuja. Kicheko kilianza kufa kwa waliokaa mbele, kikaendelea kufa nyuma kidogo kidogo, mpaka akabaki mtu mmoja mwishoni aliyejisikia anacheka peke yake, naye akanyamaza. Mchi ukasikika.

"Mama," Selestine akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "usifanye hivyo. Nyumba yetu imekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ila nimekosa namna nyingine ya kusikilizwa."

Alipoona mikono ya kijana haiinuki, aliliweka koti juu ya magoti yake, akageukia mkutano. Akasema alichokijua bila kuongeza. Hakuwepo mnadani. Hakumwona Manyanda akiuza. Alichojua ni kwamba mzee yule alimwambia hivyo wakati wa masika, mashineni, na kwamba siku ile alipotukanwa hakulipiza. "Nilijua si mzaha," akasema, "nikaufanya mzaha, kwa sababu nikiufanya mzaha sidaiwi chochote. Na niliponyoosha mkono kumtenga Maiko sikuwa na ninachokijua. Nilitazama kulia nikaona mikono, nikatazama kushoto nikaona mikono."

"Ukionekana mwongo," Fabiani akasema, "adhabu ya Maiko utaibeba wewe."

"Nitaibeba."

Selestine alisimama ghafla, koti mkononi. "Baba yangu hakuwa mwizi!"

"Sijamwita mwizi. Ng'ombe alikuwa wake."

"Alikuwa wa mahari yangu! Alimtenga zizini kwa ajili yangu! Sisi vijana tulitaka kufuata unyayo siku ile ile, mpaka mjini, baba ndiye aliyetuzuia, alisema mvua imefuta..."

Akaacha. Kinywa kilibaki wazi.

Dume likiibwa, Wasukuma hufuata unyayo. Ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kikao, kabla ya kumshika mtu. Kila mtu pale uwanjani alilijua hilo tangu utoto. Na kila mtu, Selestine alipokuwa bado amesimama na kinywa wazi, alianza kukumbuka mwezi ule.

Fabiani ndiye aliyelisema, akitazama chini. "Mvua ilikuwa haijanyesha."

Hakuna aliyebisha. Walikuwa wamelijua siku zote, kila mmoja na kipande chake, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa aliyesema alikuwa tajiri na aliyesingiziwa alikuwa mchungaji. Hakuna wa kusema alidanganywa. Kwa udanganyifu kama ule wenye kulaumiwa ni wengi kuliko aliyedanganya, na Manyanda alikuwa mmoja tu.

Selestine aliondoka bila kuaga, koti begani, akiburuta viatu.

"Wanaokubali Maiko afunguliwe, wanyooshe mikono," Fabiani akasema. Mikono ikapanda, ile ile ya siku ile. Akatazama huku na huku. "Mama Josephina, mbona wako hauoni jua?"

"Niliunyoosha mara ya kwanza, mzee. Na kama alitengwa kwa uongo, hakuhitaji mikono yetu kuwa mtu mwema. Alikuwa mwema tulipokuwa tunahesabu."

Maiko alirudi kutoka Kabungu juma lililofuata. Alikuja kwa Leticia mchana, akipita barabara kuu mbele za watu. Alikuwa kijana bado, lakini mgongo ulikuwa umeanza kuinama kwa majembe ya wengine. Evodi alimpa kiti. Hakukaa.

"Nimeambiwa mzee alikwambia wakati wa masika."

"Ndiyo."

"Masika ya mwaka jana."

"Ndiyo, mwanangu."

Maiko aligeuza kofia mikononi. "Masika yale mke wangu alikuwa na mimba. Alitwanga mpaka karibu na kujifungua. Ulikuwa unausikia mchi?"

Evodi alifungua mdomo amsaidie mkewe. Leticia alimzuia kwa mkono.

"Nilikuwa nausikia."

Maiko alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima gunia akakuta uzito ndio huo aliodhani. "Asante kwa kusema, mama," akasema. Akavaa kofia, akaondoka. Ilikuwa shukrani ya kweli, nayo haikuwa msamaha, na Leticia hakuthubutu kuichukulia kuwa kitu kisichokuwa.

Evodi alitaka kumfariji jioni ile. Alisema ametenda haki, na mwenye kutenda haki anapaswa kulala.

"Nani kakwambia mambo hayo mawili yanakwenda pamoja?" Leticia akamjibu, akainuka tena kwenye kigoda.

Lucia alileta mpunga mashineni. Waliompokea walimpokea kwa maneno mengi mno, kila mmoja akitaka kumbebea. Leticia alinyoosha ungo ampepetee. Lucia akatabasamu kwa adabu, akatoa ungo wake mwenyewe kwenye kapu, akapepeta pembeni.

Na Wasukuma wengine? Hawakumtenga Leticia, na hakuna aliyemwambia neno baya. Hilo ndilo lililomwumiza. Waliokuwa wakimwita mtumwa tangu mbali sasa walishuka kwenye baiskeli kumwamkia. Selestine, ambaye ndoa yake iliahirishwa kwa ajili ya mambo ya mahari, alipita akasema, "Shikamoo, mama," macho yakiwa ardhini. Alipofariki bibi mmoja wa Kisukuma wakati wa mavuno, walimwita Mfipa kutoka Misunkumilo aje kutania. Alikuwa kijana mwenye haya. Aliiga kikohozi, watu wakacheka kidogo kwa kumwonea huruma, wafiwa wakarudia kulia peke yao. Leticia alikuwepo. Walimpa kiti kizuri chenye mto, wakamletea chai kabla ya wengine. Alikikalia kile kiti kama mtu aliyekalia miiba, maneno yote ya kumkaripia marehemu yamemjaa kooni, na hakuna aliyemtazama kwa kumwomba.

Siku moja, mashine ikiwa imezimwa, alimwona Maiko anakuja barabarani na baiskeli, gunia nyuma, anasindikiza ng'ombe wawili aliowanunua mwenyewe. Barabara ilikuwa tupu. Leticia alisikiliza ng'ambo ya vichaka kwa mazoea. Palikuwa kimya. Akasimama, akaweka mikono kiunoni, akaita kwa sauti yake ya zamani:

"We Msukuma! Ng'ombe wawili tu, unatembea kama umenunua Mpanda nzima! Usiku watalala wapi, maana kitanda chenu ni kimoja!"

Maiko alifunga breki. Akashuka. Alisimama kidogo, mkono kwenye usukani, na kona ya mdomo wake ikasogea, au Leticia alidhani imesogea.

Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Leticia akajibu.

Alimtazama mpaka ng'ombe wa nyuma akapotea kwenye kona. Akakaa. Akainuka. Akaokota ungo, ingawa hapakuwa na mchele.